Akienda California, Akae Mji Gani?

Mzee mmoja alikuja ofisini mwetu parokiani kuchukua cheti cha ubatizo cha mwanawe. Kijana huyo amepata kazi ya kompyuta huko California, Marekani. "Mwanangu Karani," akaniambia, "wewe wasoma magazeti. Huko aendako, mji gani ulio mwema?" Nikamjibu, "Mzee wangu, miji ni mingi, nayo imeshikana kama vijiji vya bonde moja."

Ndugu msomaji, huenda nawe siku moja utaulizwa shauri hilo, basi nisikilize.

Bonde lenyewe ni la Santa Clara, kusini ya San Francisco. Zamani lilikuwa mashamba ya matunda matupu. Mji wa San Jose ulianzishwa na Wahispania mwaka 1777, na mwaka huohuo mapadre Wafransisko walianzisha misioni ya Santa Clara. Leo miti ile imekwisha. Tangu mwaka 1971 bonde limeitwa pia Bonde la Silikoni, kwa jina la kitu kitokacho katika mchanga, ambacho kwacho hutengenezwa vile vipande vidogo viendeshavyo kompyuta.

Kampuni ya Google ina makao yake Mountain View, Apple iko Cupertino, Meta yenye Facebook iko Menlo Park, Nvidia iko Santa Clara. Kijana akiajiriwa na Apple, mara atataka nyumba Cupertino, karibu na mlango wa kazi. Hapo asimame kwanza! Nyumba ya kawaida katika sehemu zile huuzwa zaidi ya dola milioni moja, na kodi ya kupanga hufuata bei hiyo. Ofisi zilijengwa nyingi, nyumba chache, kwa maana sheria za miji zilitenga viwanja vingi kwa nyumba za jamaa mmoja mmoja tu. Palo Alto, penye Chuo Kikuu cha Stanford, hapakufika watu 70,000 walipohesabiwa mwaka 2020. Mshahara ambao kwetu ungejenga kijiji, huko waweza kuishia katika vyumba viwili.

Wengine hukimbilia mbali, ng'ambo ya vilima, mpaka Stockton. Kodi huko ni nafuu, na tangu mwaka 1998 liko garimoshi la wafanyakazi liendalo San Jose. Lakini safari yapita saa mbili, na jioni tena vivyo hivyo. Baba wa namna hiyo huondoka watoto wamelala. Mimi nisingemshauri mtu mwenye jamaa.

Kwa maoni yangu, atazame San Jose. Ni mji wa watu kama milioni moja, wengi wao wageni kutoka Vietnam, Mexico na India, hata mgeni hashangawi. Si rahisi, la hasha, ila ni nafuu kuliko Palo Alto. Tena garimoshi la Caltrain, ambalo tangu 2024 laenda kwa umeme, hutoka hapo likapita Mountain View na Palo Alto mpaka San Francisco. Cupertino haina stesheni yake.

Kwa nini nashikilia reli? Wageni wengi huko hufanya kazi kwa ruhusa iitwayo H-1B, nayo hufungwa kwa mwajiri. Akiachishwa kazi, kwa kawaida ana siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine, au kubadili ruhusa, au kuondoka. Mwezi wa Novemba 2022 Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000, na Januari 2023 Google 12,000. Akaaye njiani mwa reli aweza kubadili mwajiri bila kuhamisha kitanda. Mkewe naye mara nyingi haruhusiwi kufanya kazi, basi mshahara ni mmoja, na duka liwe la kufikiwa kwa miguu. Kwanza apange chumba miezi michache. Mkataba wa mwaka mzima usubiri.

Mzee alinisikiliza kimya. Nilipomwambia kuwa San Jose maana yake Mtakatifu Yosefu, alitabasamu kidogo.

"Jina zuri," akasema, "lakini wadogo zake wanangoja ada. Niandikie hapa, amwulize mwenye nyumba kodi kabla ya kukata tiketi."

Nikamwandikia nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa.