Gazeti la Kiswahili Mtandaoni: Kichwa cha Habari, Tarehe na Ushahidi wa Lugha

Tangu wamisionari wa UMCA walipoanza kutoa Msimulizi kisiwani Unguja mwaka 1888, gazeti la Kiswahili limekuwa ghala la ushahidi kwa wanaoichunguza lugha hii. Neno lililotumiwa katika Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, au katika Baraza, lililoanza kutolewa Nairobi mwaka 1939, laweza kutajwa pamoja na toleo lake, ukurasa wake na safu yake. Na msomi mwingine akitaka kuhakikisha huenda maktabani akalikuta neno lile lile mahali pale pale. Tasnifu nyingi za isimu na kamusi kadhaa zimejengwa juu ya msingi huo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi msingi huo unavyotikiswa na hatua ya magazeti kuhamia mtandaoni, na hasa jinsi hatua hiyo inavyoigusa sarufi ya vichwa vya habari, uteuzi wa msamiati, na ile tarehe ambayo bila yake ushahidi wa gazeti hauna thamani. Magazeti yatakayotumiwa zaidi kuwa mfano ni mawili: Taifa Leo la Kenya na Mwananchi la Tanzania.

Inafaa kwanza kuondoa dhana moja. Husemwa kwamba gazeti limehama kutoka karatasini kwenda mtandaoni kama mtu anavyohama nyumba, vyombo vikiwa ni vile vile. Miaka ya mwanzo hali ilifanana na hivyo. Habari zilizokwisha chapwa zilinakiliwa tovutini baadaye, na kwa muda maandishi ya Taifa Leo na ya Mwananchi yaliwekwa pamoja katika tovuti iliyoitwa Swahilihub, ya kampuni ya Nation Media Group iliyoyachapisha yote mawili. Baadaye kila gazeti lilipata tovuti yake, nayo Taifa Leo ikawekwa chini ya Nation.Africa, jukwaa lililozinduliwa mwaka 2020. Lakini mpangilio wenyewe umegeuka. Habari sasa hutumwa kwa simu na mwandishi aliyeko mahakamani au uwanjani, hutolewa mtandaoni baada ya muda mfupi, na karatasi hupokea kesho yake kilichobaki. Aliyekuwa mnakili amekuwa ndiye mwenye maandishi ya asili.

Athari ya mgeuko huo huonekana upesi zaidi katika kichwa cha habari. Kichwa kilichochapwa kilitawaliwa na upana wa safu. Mhariri alikuwa na nafasi ya herufi chache tu, na silabi zilihesabiwa kama mizani ya shairi. Kutokana na dhiki hiyo ilipata nguvu sarufi ya pekee, ambayo nguzo yake ni kiambishi cha njeo -a-. Badala ya "Walimu wamegoma" huandikwa "Walimu wagoma". Badala ya "Serikali imeongeza mishahara", "Serikali yaongeza mishahara". Badala ya "Mvuvi amekufa maji", "Mvuvi afa maji". (Mifano hii, pamoja na ile itakayofuata, imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi.) Kiambishi hiki huungana na kile cha ngeli, ki- ikawa cha-, li- ikawa la-, vi- ikawa vya-, na katika vitenzi vya silabi moja hukiacha kile ku- ambacho njeo za -na-, -me-, -li- na -ta- hukihitaji. Zaidi ya hayo, hakifungamani sana na saa wala siku. Habari ya jana jioni husomwa leo asubuhi, au hubandikwa ukutani mwa kinyozi kwa wiki nzima, bila ya kichwa chake kuonekana kimechakaa.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba njeo hii, ambayo wenyeji wa Mvita na Lamu huitumia vinywani mwao pasi na kufikiri, haisikiki sana katika mazungumzo ya miji ya bara ya Kenya. Mwanafunzi wa Nakuru au Kakamega anayeifahamu, yamkini ameifahamu kwa gazeti na kwa mashairi kuliko kwa kusikia mtu akisema. Kwa hiyo kichwa cha habari kilikuwa darasa la sarufi, ijapokuwa hakuna mhariri aliyekikusudia kiwe hivyo. Ni kweli kwamba darasa hilo lilikuwa na utata wake. "Wapinga ushuru" chaweza kusomwa kuwa sentensi kamili au kuwa jina la watu wanaoupinga ushuru, na wanafunzi wa sintaksia wamefurahia sana mifano ya namna hii.

Mtandaoni, upana wa safu haupo tena. Kilichopo ni kwamba kichwa husimama peke yake, mbali na habari yake, katikati ya orodha ndefu au kati ya ujumbe wa simu, na kazi yake ni kumfanya msomaji abofye. Hapo ndipo vinapozaliwa vichwa kama "Sababu za walimu kugoma", "Jinsi mvuvi alivyokufa maji", na "Hiki ndicho kilichowafanya walimu wagome". Cha kwanza ni kirai nomino kilichojengwa kwa kitenzi-jina. Cha pili ni kishazi tegemezi chenye urejeshi wa -vyo-. Cha tatu ni sentensi ya mkazo yenye ndi-. Maumbo haya ni tofauti, lakini yana jambo moja yanaloshirikiana: tukio lenyewe halitangazwi, bali huchukuliwa kuwa limekwisha julikana. "Walimu wagoma" humpa mpita njia habari yote iliyo muhimu hata asiponunua gazeti. "Sababu za walimu kugoma" humwahidi kitu, na ahadi hiyo haitimizwi mpaka abofye. Maadamu wengi hulipia intaneti kwa vifurushi vidogo vidogo, na huishia kwenye orodha ya vichwa, tofauti hii si ya mtindo tu. Msomaji asiye na fedha alipata habari bure mbele ya meza ya muuza magazeti. Mbele ya simu yake hupata dokezo.

Hata hivyo wanaolia kwamba huo ni uharibifu wa lugha hawajatazama vizuri. Urejeshi wa -vyo- na mkazo wa ndi- ni mali ya Kiswahili tangu zamani, na msimulizi wa ngano asingeweza kufika mwisho wa hadithi bila hivyo viwili. Tena, "kilichowafanya" ni urejeshi uliofumwa ndani ya kitenzi, ambao walimu wengi wamekuwa wakiulilia kwa sababu ya amba- kutumiwa kila mahali. Ikiwa hamu ya kubofyewa imemrudisha mhariri kwenye umbo hilo, si haki kumkemea kwa kila alitendalo. Wala njeo ya -a- haijatoweka, kwa kuwa magazeti yote mawili huendelea kuitumia katika tovuti zao. Ila haina tena enzi ya peke yake, na sababu iliyoilinda, yaani ufinyu wa safu, imeondoka. Umbo la lugha likilindwa na dhiki ya karatasi, halina mlinzi karatasi inapopungua.

Katika msamiati, mabadiliko yana sura nyingine. Kwa miaka mingi shule za Kenya zimefundisha kwamba kompyuta ni tarakilishi na simu ya mkononi ni rununu. Tanzania maneno hayo hayakushika. Gazeti la karatasi la Nairobi lilisomwa zaidi Kenya, na lingeweza kuandika tarakilishi bila wasiwasi. Gazeti la mtandaoni husomwa Tanga, Bujumbura na Muscat siku hiyo hiyo, na hufikiwa kwa njia ya mitambo ya utafutaji, ambako msomaji huandika neno analolijua yeye. Mhariri anayetaka habari yake ionekane hulazimika kukisia neno hilo. Hivyo simu huishinda rununu, na kompyuta huishinda tarakilishi, si kwa uamuzi wa baraza lolote wala kwa hoja ya mwanaisimu. Kwa upande mwingine, maneno kama tovuti, barua pepe na kupakua yamekita mizizi pande zote, nayo yalisaidiwa na kazi za utafsiri wa programu kama ile ya Jambo OpenOffice, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2004. Kiswahili kina tatizo la ziada hapa, ambalo Kiingereza hakina kwa kiwango hicho. Neno la Kiswahili hubadilika mwanzoni: mwalimu, walimu, ualimu; nimelipwa, hawakulipwa, watakaolipwa. Mtambo unaolinganisha maneno kwa sura yake ya nje hauoni udugu huo, na mtafutaji wa "walimu" huenda asioneshwe habari ya "mwalimu". Matokeo yake ni kwamba wahariri hurudia umbo lile lile mara nyingi katika aya moja, hali ambayo mhariri wa zamani angeiona kuwa ni uvivu.

Lakini jambo zito kuliko yote ni tarehe. Gazeti lililochapwa likikosea, kosa hubaki. Kesho yake hutolewa masahihisho, na mtafiti hupata vyote viwili: kosa na sahihisho lake, kila kimoja na siku yake. Habari ya mtandaoni yaweza kurekebishwa saa tatu, saa nne na saa kumi, kichwa kikabadilishwa mara mbili, na yaliyokuwapo kabla yasibakize hata kivuli. Kwa msomaji wa kawaida hii ni neema. Kwa mwanaisimu ni balaa, kwani makosa ni sehemu ya ushahidi wake: upatanisho wa ngeli uliokwenda kombo, kalima iliyotafsiriwa kisisisi kutoka kwa Kiingereza usiku wa manane, kitenzi ambacho mwandishi wa Kisumu alikitumia kinyume cha mwenzake wa Malindi. Vyote hivi husafishwa kabla ya adhuhuri, ama havisafishwi kabisa, na hapana njia ya kujua ni lipi lililotendeka. Mtafiti anayetaja kichwa cha habari cha mtandaoni hana budi kutaja siku kilipowekwa na siku alipokisoma, pamoja na saa, na aweke nakala yake mwenyewe. Anwani za Swahilihub zilizotajwa katika kazi za wanafunzi wa miaka iliyopita zinatosha kuwa onyo, maana anwani hubaki katika marejeleo hata baada ya tovuti yenyewe kuhamwa.

Pengo laweza kutokea pia kwa amri. Mwezi wa Aprili 2020 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisimamisha kwa miezi 6 leseni ya mtandaoni ya Mwananchi na kulitoza faini ya shilingi milioni 5, kwa sababu ya picha ya Rais John Magufuli ambayo mamlaka iliiona kuwa ya kupotosha wakati wa janga la korona. Tarehe 2 Oktoba 2024 mamlaka hiyo hiyo ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, safari hii kwa sababu ya video ya katuni iliyotolewa na The Citizen, gazeti la Kiingereza la kampuni hiyo. Mara zote mbili gazeti la karatasi liliendelea kuuzwa. Atakayechunguza Kiswahili cha Tanzania cha miezi hiyo kwa kutegemea mtandao peke yake atakuta ukimya, na asipojua sababu yake aweza kuupa maana isiyokuwapo.

Uzito wa suala hili umeongezeka kwa kuwa maandishi ya magazeti ndiyo chakula kikuu cha kongoo za lugha. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoanzishwa na Arvi Hurskainen, ina maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili la mwaka 2016, na sehemu kubwa yake ni ya magazeti, mengi yakiwa ya Tanzania. Anayetoa hitimisho kuhusu "Kiswahili" kutokana na hazina hiyo hana budi kukumbuka ni Kiswahili cha nani. Mitambo ya tafsiri nayo hufunzwa kwa maandishi yaliyochotwa mtandaoni, na Google imetafsiri Kiswahili tangu mwaka 2009. Ikiwa mwandishi mwenye haraka atatumia mtambo kuitafsiri habari ya Kiingereza, na mtambo baadaye ukajifunza kutokana na habari hiyo, lugha itakuwa ikijisikiliza mwangwi wake yenyewe.

Ukurasa wa mashairi wastahili neno, kwani ndiko gazeti la Kiswahili lilikotofautiana zaidi na lile la Kiingereza. Katika Taifa Leo, malenga waliulizana na kujibizana kwa wiki kadhaa, kila mmoja akisubiri zamu yake ichapwe. Karatasini mshororo wa mizani 16 ulionekana wazi vipande vyake viwili, ukwapi na utao, vikiwa sambamba, na vina vya kati vilishuka wima kama uzi wa timazi. Kioo cha simu ni chembamba. Mshororo huo hukatika popote, mara nyingine katikati ya kipande, na jicho halioni tena kilichokuwa kikiliongoza sikio. Baadhi ya watunzi sasa huandika kila kipande katika mstari wake, shairi la tarbia likaonekana lina mistari minane kwa ubeti, na mwanafunzi anayehesabu mishororo kwa macho hulipa jina lisilo lake. Majibizano nayo yamehamia katika makundi ya WhatsApp, ambako jibu hufika kabla swali halijapoa na hakuna maktaba inayolipokea.

Sheria ya Vitabu na Magazeti ya Kenya iliwataka wachapishaji wapeleke nakala za magazeti yao kwa msajili, lakini ilitungwa wakati ambapo gazeti lilikuwa karatasi. Idara za lugha hazina uwezo wa kubadilisha sheria hiyo. Zina uwezo wa kumpa mwanafunzi mmoja kila muhula kazi ya kunakili, asubuhi na jioni, ukurasa wa kwanza wa tovuti za magazeti haya, pamoja na vichwa vyote kama vilivyosimama saa hiyo, na kuviweka mahali ambapo haviwezi kurekebishwa.