Mtoto anaitwa Shida, anayeambiwa ni mwingine

Karibu na mwaka 1860, viwavijeshi vilivamia mashamba ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Victoria. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati huo akapewa jina la wadudu wenyewe: Nyerere. Huyo ndiye Nyerere Burito, aliyekuja kuwa chifu na kufariki mwaka 1942. Mwanawe alizaliwa Butiama Aprili 1922, siku ya mvua kubwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja baadaye, kwa ubatizo. Leo jina la kiwavi mla mtama limebandikwa kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kwenye Daraja la Kigamboni na kwenye bwawa la kufua umeme kule Rufiji, na sijasikia abiria aliyeghairi safari kwa ajili hiyo.

Nimeanza na Mwalimu Nyerere makusudi, maana mazungumzo ya majina "mabaya" kwa kawaida huwaangukia akina Shida, Tabu, Mateso, Mashaka na Masumbuko. Muuguzi akichungulia dirishani na kuita, "Shida! Shida yuko wapi?" benchi zima la zahanati linacheka, na hakosekani mzee wa kujibu kuwa shida hapa tunazo wote, aite tu yeyote. Mwenye jina anainuka na kadi yake kimya. Mzaha huo ameusikia tangu darasa la kwanza.

Mengi ya majina haya hayana fumbo lolote, yanataja tu hali iliyokuwapo. Wanjala na Nanjala kwa Wabukusu, Okech na Akech kwa Wajaluo, ni watoto wa msimu wa njaa. Awino alizaliwa kitovu kimemviringa. Basi.

Yapo mengine yaliyotungwa kwa hila, na haya ndiyo yanayonivutia. Kwa Wajaluo wa zamani, mama aliyezika watoto mfululizo hakushangilia hadharani alipojifungua tena. Kichanga kilichukuliwa kikalazwa njiani, kama kitu kilichotupwa. Bibi mmoja, ambaye ameshapangwa mapema, anapita pale eti kwa bahati. Anashtuka, anaokota, anauliza kwa sauti ni nani katupa mtoto. Kimya. Anaingia nacho kwa mama yule yule aliyekizaa na kumwomba amlelee mtoto huyu wa kuokota. Kuanzia hapo mtoto ni Owiti, na akiwa msichana ni Awiti: aliyetupwa. Kifo kikija kuulizia mtoto wa nyumba ile, kitakuta wa kwao hayupo, yupo wa njiani.

Wakamba walikwenda mbali zaidi. Mtoto aliyezaliwa baada ya misiba aliitwa Mbiti, yaani fisi, kana kwamba ameshakabidhiwa kwa mnyama huyo, na cha fisi hakigombewi. John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na ambaye kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kinasomwa vyuoni hadi leo, alitembea na jina hilo maisha yake yote. Huku Pwani mtoto wa watu huru, tena wenye mali, aliweza kuitwa Mtumwa ili jicho la husuda limpite. Wakikuyu wao walimtazama marehemu badala ya kukikwepa kifo: Kariuki ni aliyefufuka, yule yule aliyeondoka, amerudi.

Hila ya kukihadaa kifo haikuishia kwenye jina. Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947 na kuja kuitikisa Dar es Salaam na bendi ya Super Matimila, alisimulia kuwa mama yake alikuwa ameshapoteza watoto kabla yake, na mganga akaagiza nywele za huyu zisikatwe. Ndiyo maana tulimfahamu na misokoto ile mabegani. Alipokuwa mtu mzima akajiita mwenyewe Sura Mbaya, kwa furaha kabisa, na kituo cha daladala kule Sinza kikabaki na jina lake.

Ni rahisi kuwacheka waliotunga majina haya ukiwa umekaa mahali ambapo watoto hawafi ovyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 hawakufikisha miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 43. Kwa maoni yangu, majina ya kukihadaa kifo yalianza kupungua pale chanjo ya surua, chandarua na wakunga wa vituo vya afya vilipoanza kuifanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi. Mahubiri yalifika baadaye na kudai ushindi.

Mahubiri hayo mnayajua. Muumini anasimamishwa mbele, anaambiwa mikosi yake yote imetokana na jina, na Jumatatu anakwenda kwa wakili kuapa ili Mateso awe Baraka. Dini zenyewe zina busara kubwa kuliko hapo. Mtume Muhammad (S.A.W.) alibadilisha majina kadhaa, mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani mwasi, akamwita Jamila. Lakini alipompendekezea Hazn, ambaye jina lake ni ardhi ngumu ya mawe, awe Sahl, yaani tambarare, Hazn alikataa kuacha jina alilopewa na baba yake, na hakulazimishwa. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyib, mwanazuoni mkubwa wa Madina, alikiri baadaye kuwa ugumu ule haukuwatoka katika familia yao. Katika Biblia, Raheli anakata roho akimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu, na Yakobo analigeuza papo hapo kuwa Benjamini.

Mimi sina ugomvi na mtu mzima anayelichoka jina lake. Ni lake, alitende atakavyo. Ila anayehubiri kuwa jina linavuta balaa anieleze habari za Amri Athumani wa Tanga, aliyetuvunja mbavu kwa miaka mingi, hadi alipofariki mwaka 2018, kwa jina la Majuto.

Kosa la wahubiri, naona, ni kudhani kuwa jina linamsema mtoto. Mara nyingi mtoto ni mbebaji tu, anayeambiwa ni mwingine. Sikilizeni majina ya wanawake wa Pwani na bara: Semeni, Sikujua, Sikuzani. Mama anayemwita bintiye Semeni amewajibu majirani waliomteta miezi tisa, na kila atakapomwita mtoto aje kula, watasikia. Ni kama jina la kanga, tofauti ni kwamba kanga hufifia ikatupwa. Mwingine anafunga kabisa: Zamoyoni. Za moyoni zipi? Wapenzi wa Simba waliomshangilia Zamoyoni Mogella enzi zake hawakuambiwa.

Lakini mabingwa wa kujibizana kwa majina ni Warundi. Kwao, kijadi, mtoto harithi jina la baba. Kila mmoja anatungiwa lake, na mara nyingi ni sentensi nzima. Rurihose: kifo kiko kila mahali. Baranyanka: wananichukia, na hilo lilikuwa jina la chifu maarufu wakati wa ukoloni. Nzikobanyanka: najua kuwa wananichukia. Sylvestre Ntibantunganya, aliyekuwa Rais wa Burundi kuanzia 1994 hadi 1996, aliapishwa na jina linalolalamika kuwa hawanitendei haki. Analalamika nani, dhidi ya nani? Aghalabu ni mzazi dhidi ya jirani au ndugu wa mume, na anayelengwa aliishi ng'ambo ya ua.

Sasa Warundi wengi wanaishi Ubelgiji, na Ulaya jina la baba hugeuka kuwa la ukoo. Mtoto anazaliwa Brussels, anaandikishwa Nzikobanyanka, na watoto wake nao wataandikishwa hivyo hivyo. Karani anachouliza ni tahajia tu. Majirani waliokusudiwa walishazikwa zamani kule milimani Burundi, na huenda mmoja wao naye ana kitukuu jijini humo, mwenye jina la kujibu.