Mlango wa bandarini na magari yaliyokwisha ingia

Matangazo ya madalali wa magari mitandaoni yanafanana kama yameandikwa na mtu mmoja: "Namba E, mkono wa kwanza, haijarudiwa rangi, injini na gia safi, njoo na fundi wako." Mwenye gari zima anasema hivyo, na mwenye mkweche vilevile. Mnunuzi analijua hilo, basi anatoa bei ya katikati. Wa gari zima anaona anapunjwa, analirudisha nyumbani. Wa mkweche anachekelea. Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliieleza hesabu hiyo mwaka 1970 katika makala iliyokataliwa kwanza na majarida matatu. Mwaka 2001 alipata Nobel pamoja na wenzake wawili.

Soko likikwama hivyo, serikali huingia. Kenya, kwa kiwango cha KS 1515, hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane. Gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2017 lilikuwa na ruhusa ya kushushwa Mombasa mwisho Desemba 31, 2024. Meli ikichelewa siku moja, gari lilelile ni haramu. Tanzania haikufunga mlango, imeweka kiingilio: ushuru wa ziada wa asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi hapo.

Kwangu kodi ina nafuu kuliko marufuku. Lakini zote zinapima umri, kwa sababu umri umeandikwa kwenye karatasi na ofisa hana haja ya kufungua boneti. Gari la miaka sita lililogongwa, likanyooshwa, likarudishwa kilomita, linapita bila kuulizwa.

Tena kuna jambo lisilosemwa sana. Ukibana magari yanayoingia, yaliyokwisha ingia yanapanda bei. Mwenye gari la mwaka 1998, ambaye angeliuza kama vyuma chakavu, anaona afadhali alifanyie injini aendelee nalo. Sheria ya kuleta magari mapya inayarefushia maisha yale makongwe, na ndiyo yanayotoa moshi barabarani.

Hata hivyo, dawa ya kilomita zinazorudishwa ipo. Japani hukagua magari kila baada ya miaka michache na kuandika kilomita kwenye cheti. Gari la huko likiuzwa huku mara ya pili au ya tatu, nani ana cheti hicho? Namba ya kilomita ingechapishwa kwenye kadi ya gari tangu siku ya usajili, kisha mpya ikaongezwa kila umiliki unapohamishwa, anayerudisha kilomita angekosa pa kujificha.