Pikapu ya umeme kwa mkataba: hesabu ya Babati

Dereva wa bodaboda wa Babati hahitaji kufundishwa maana ya kukodi chombo. Anaijua biashara hiyo kwa majina mawili. La kwanza ni hesabu: pikipiki ni ya tajiri, jioni unampelekea chake, siku mkishindwana unarudisha funguo. La pili ni mkataba: unapeleka fedha kila siku au kila wiki kwa muda mliopatana, na ukimaliza, kadi inahamia kwenye jina lako. Mtu akikuambia amepata pikipiki, swali la kwanza kijiweni huwa ni hilo: ya hesabu au ya mkataba?

Swali hilohilo ndilo la kumuuliza muuzaji siku atakaposhuka stendi ya Babati akiwa na karatasi za kukodisha pikapu ya umeme. Gari lenyewe si ndoto tena. Mwishoni mwa 2025 Toyota ilizindua Hilux mpya huko Thailand, na miongoni mwa matoleo yake limo la umeme mtupu, lenye betri ya uniti 59 na mwendo wa takribani kilomita 240 kwa chaji moja. Mji unaobeba magunia yake kwa kirikuu, Canter na Hilux za dizeli una haki ya kuuliza kama jambo hili lina faida.

Kukodi mashine badala ya kuinunua si jambo geni nchini. Daktari wa mifugo Victoria Kisyombe alianzisha SELFINA mwaka 2002 ili kuwakodisha vifaa vya kazi wanawake wasio na hati ya nyumba wala shamba la kuweka rehani. Kampuni ya EFTA huwapa wakulima na wafanyabiashara wadogo matrekta na mashine kwa utaratibu wa aina hiyo, ambapo mashine yenyewe ndiyo dhamana. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Ukodishaji wa Kifedha, inayotambua kwamba mmiliki ni mmoja na mtumiaji ni mwingine. Katika mipango mingi ya namna hii mteja hutoa kianzio, hulipa kwa miezi kadhaa, kisha mashine inakuwa yake. Kwa lugha ya kijiweni, huo ni mkataba.

Kukodi pikapu kwa mtindo wa Marekani ni hesabu. Mteja hulipa kila mwezi kwa miaka miwili au mitatu, kisha anarudisha gari. Anacholipia hasa ni kushuka kwa thamani ya gari katika muda huo, pamoja na riba. Mwenye gari akikadiria kwamba baada ya miaka mitatu litauzika vizuri, malipo ya mwezi yanakuwa madogo. Akihofia kwamba halitanunulika, yanapanda.

Kwenye pikapu za umeme makadirio hayo yamewatoa jasho hata matajiri. Ford ilipoonyesha F-150 Lightning mwaka 2021, ilitangaza bei ya kuanzia ya dola 39,974. Kufikia mapema 2023 toleo hilo la chini lilikuwa limekaribia dola 60,000, na Julai mwaka huohuo kampuni ikalipunguzia bei karibu dola 10,000 kwa mkupuo. Aliyekuwa amelinunua aliona thamani ya gari lake ikiporomoka likiwa bado linanukia upya. Aliyelikodi alisubiri muda wake uishe, akarudisha funguo. Malipo ya kukodi nayo yalikuwa mepesi kwa sababu nyingine: serikali ya Marekani ilikuwa ikitoa unafuu wa kodi wa hadi dola 7,500 kwa gari, na wakodishaji wengi waliupitisha kwa mteja. Unafuu huo ulikoma tarehe 30 Septemba 2025, na Desemba Ford ikatangaza kwamba inaachana na Lightning ya umeme mtupu. Kwa hiyo msomaji wa Babati akisikia kwamba Wamarekani walikodi pikapu kwa bei ya kutupa, ajue kwamba sehemu ya bei hiyo ililipwa na hazina ya nchi yao.

Sasa tuje nyumbani. Tuchukue Hilux ya dizeli yenye mzigo, inayokwenda kilomita 10 kwa lita. Bei kikomo za EWURA hubadilika kila mwezi, na Oktoba 2023 dizeli ilivuka shilingi 3,400 kwa lita Dar es Salaam; kwa mfano huu tushike shilingi 3,000. Kila kilomita inakula shilingi 300. Pikapu ya umeme yenye mzigo tuipe uniti 0.3 kwa kilomita, tukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Uniti moja kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, pamoja na kodi na tozo, imekuwa takribani shilingi 356. Hapo kilomita moja inagharimu shilingi 107. Unaokoa kama shilingi 190 kila kilomita, kabla hujagusa oili na filta ambazo gari la umeme halizidai.

Hapa kuna mtego mdogo wa LUKU. Nyumba nyingi ziko kwenye kundi la matumizi madogo, ambako uniti 75 za kwanza za mwezi huuzwa kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Betri ya uniti 59 ukiijaza mara mbili tu umeshatoka kwenye kundi hilo, na umeme wa friji na taa nao unapanda bei pamoja na wa gari. Anayepiga hesabu ya kuchaji kwa bei ya nyumbani anajidanganya. Tena soketi ya kawaida ya ukutani itachukua karibu siku nzima kuijaza betri hiyo. Kuijaza kwa usiku mmoja kunahitaji chaja yenye laini yake, na fundi aliyeithibitisha.

Tuseme malipo ya kukodi pikapu ya umeme yanazidi ya dizeli kwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Dereva anayezunguka mjini na kufika Magugu kuchukua mchele, kilomita 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anaokoa karibu shilingi 296,000. Nusu nzima ya ziada hiyo inatoka mfukoni mwake. Dereva wa kilomita 150 kwa siku, kama anayekwenda Katesh na kurudi, anaokoa karibu shilingi 741,000, na faida inaanza kuonekana. Mpaka kati ya hasara na faida uko kwenye kilomita 121 hivi kwa siku. Umeme unamlipa anayetembea sana.

Ila mikataba ya kukodi haimpendi anayetembea sana. Ya Marekani huweka ukomo wa kati ya maili 10,000 na 15,000 kwa mwaka, na kila maili ya ziada hutozwa faini. Maili 12,000 ni kilomita kama 19,300. Dereva wetu wa Katesh hutembea kilomita 3,900 kwa mwezi. Akianza Januari, kabla Mei haijaisha kilomita zake za mwaka mzima zimekwisha. Miezi saba iliyobaki anaendesha kwa faini. Mkataba wa namna hiyo, ukiletwa Babati kama ulivyo, utamfaa yule ambaye hesabu ya umeme haimfai, na kumwadhibu yule ambaye inamfaa.

Nairobi wameupata mlango mwingine. Kampuni ya BasiGo, iliyoanzishwa mwaka 2021, ilianza majaribio ya mabasi ya umeme Machi 2022 kwa mpango wa kulipa kadiri unavyoendesha: mwenye daladala, ambayo wenyewe wanaiita matatu, alilipia basi bila betri, kisha akatoa shilingi 20 za Kenya kwa kila kilomita, na humo ndani mkawa na kodi ya betri, kuchaji na matengenezo. Basi likilala, hadaiwi kilomita. Uzee wa betri unabaki kuwa mzigo wa kampuni.

Na uzee huo ni jambo la kuulizwa mapema. Dhamana za betri za magari ya umeme kwa kawaida huandikwa miaka minane au kilomita 160,000, kinachotangulia. Kwa mwendo wa Katesh wa kila siku, kilomita hizo zinakwisha kabla ya miaka mitatu na nusu. Hilux ya dizeli ya umri huo ina wanunuzi wengi Babati, na fundi wa kuifungua yupo hatua chache kutoka barabarani. Pikapu ya umeme iliyochoka bado haijapata soko lake la mitumba. Hapo ndipo kukodi kunakuwa na maana kuliko kununua, mradi karatasi iseme wazi kwamba gari linarudi kwa mwenyewe na betri yake, na kwamba siku gari likisubiri fundi, malipo nayo yanasubiri.

Ardhi nayo ina neno lake. Babati ipo kwenye njia panda ya lami za Arusha, Singida na Dodoma, lakini mzigo mwingi hutoka pembeni. Pikapu inayopanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Dareda kwenda Bashanet ikiwa na uzito wa tani tatu, kwa kila mita 500 za kupanda, hutumia uniti nne zaidi ya mwendo wa tambarare. Ikishuka, mota hugeuka jenereta, gari linajizuia lenyewe na sehemu ya umeme inarudi kwenye betri. Anayepanda mtupu kufuata mzigo shambani na kushuka amejaa, mlima ni rafiki yake. Anayepandisha saruji na kushuka mtupu anaulipia. Arusha ni habari nyingine: kilomita kama 170 kwenda, 340 kwenda na kurudi, na betri inayotangazwa kwa 240 itadai chaji njiani au huko huko. Arusha, angalau, gari la umeme si mgeni. Tangu 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club imekuwa ikipeleka watalii mbugani kwa magari ya umeme.

Kuna pia msimu. Malipo ya kukodi huja kila mwezi kwa kiasi kilekile, lakini mzigo wa Babati, mbaazi zikiwemo, huja kwa mavuno. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi kutoka nje, bei ilianguka, na palipokosekana mnunuzi wa mbaazi palikosekana pia wa kukodi pikapu. Mkataba unaofaa hapa ungeruhusu malipo makubwa wakati wa mavuno na madogo wakati wa kupanda, au ufuate kilomita kama ule wa Nairobi. Bima kubwa, ambayo mwenye gari hakosi kuidai, nayo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Anayeifikiria ofa hiyo anaweza kuanza kujiandaa bila kumlipa mtu. Achukue daftari, kwa mwezi mmoja wa mavuno na mwezi mmoja wa kiangazi cha kazi, aandike namba ya kilomita kila asubuhi na kila jioni, na pembeni yake risiti ya mafuta. Muuzaji akiwasili na karatasi zake, daftari hilo ndilo la kuwekwa mezani kwanza.