Diski za zamani zenye hesabu za biashara: jinsi ya kuziunganisha kwenye kompyuta moja

Wafanyabiashara na mawakala wa forodha wa mipakani, kuanzia Namanga na Busia hadi Tunduma na Mutukula, wengi wao wana kabati lenye kompyuta zilizokufa. Mashine haziwaki tena, lakini ndani yake zimo diski ngumu zenye ankara, orodha za wadeni, nakala za hati za forodha na barua za wateja wa upande wa pili wa mpaka.

Kumbukumbu hizo zina thamani. Sheria za kodi za Kenya na Tanzania, zote za mwaka 2015, zinamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na shauri likiwa bado linaendelea muda huo huweza kuwa mrefu zaidi. Aidha, deni la zamani au ubishi juu ya mzigo hauthibitishwi kwa maneno matupu.

Habari njema ni kwamba kompyuta kufa si lazima diski nayo ife. Diski kadhaa za zamani zinaweza kufungwa ndani ya kompyuta moja ya mezani na mafaili yote yakasomwa hapo.

Tambua aina ya diski

Diski za kompyuta za mezani za miaka hiyo ni za aina mbili. Ya kwanza ni IDE, yenye pini 40 na kebo pana bapa kama utepe. Ya pili ni SATA, iliyoanza kuenea kuanzia mwaka 2003, yenye kebo nyembamba.

SATA haina matata: kila diski ina kebo yake, na kompyuta huwa na nafasi nne au zaidi kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkuu.

IDE ndiyo inayowasumbua wengi. Kebo moja hubeba vifaa viwili tu, na mazabodi za zamani zilikuwa na nafasi mbili za kebo. Kwa hiyo vifaa vyote haviwezi kuzidi vinne, na kisomea CD cha aina hiyo nacho kinahesabiwa.

Panga jampa

Kwenye kebo moja, kifaa kimoja lazima kiwe kiongozi na kingine mfuasi. Hilo hupangwa kwa jampa, kile kipande kidogo cha plastiki kinachounganisha pini mbili nyuma ya diski. Mchoro wa kupanga kwa kawaida upo kwenye lebo: MA ni kiongozi, SL ni mfuasi, na CS ni kuiachia kebo iamue.

Vifaa viwili vikiwekwa vyote MA, au vyote SL, kompyuta huweza kukwama au isione hata kimoja. Hapo wengi hudhani diski imekufa, kumbe ni jampa tu. Baadhi ya diski za Western Digital zina mpangilio wa tatu, wa diski iliyo peke yake kwenye kebo, hivyo lebo isomwe kwa makini.

Kwa kebo yenye nyaya 80, ncha ya bluu huenda kwenye mazabodi, nyeusi ya mwisho kwa kiongozi, na ya kijivu katikati kwa mfuasi. Mstari wenye rangi pembeni mwa kebo huonyesha upande wa pini namba 1.

Umeme na joto

Kabla ya kugusa chochote, kompyuta izimwe na waya wa umeme uchomolewe ukutani. Kisha fundi aguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini.

Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta wati 20 hadi 30 kwa sekunde chache. Diski nne zikianza kwa pamoja kwenye pawa saplai dhaifu, mashine hujizima au kujiwasha upya. Ni salama zaidi kufunga moja au mbili kwa wakati, na kuacha nafasi kati yao ili hewa ipite.

Diski ikitoa mlio wa kugonga-gonga, izimwe mara moja. Kila dakika ya ziada inaweza kuharibu kilichobaki. Kama kumbukumbu hizo hazina nakala nyingine, apelekewe mtaalamu wa kuokoa data.

Diski isipoonekana

Hatua ya kwanza ni kuingia kwenye BIOS kompyuta inapowaka na kuona kama diski imeorodheshwa. Isipokuwepo, tatizo ni kebo, umeme, jampa au diski yenyewe. Hapo hapo ihakikishwe kwamba diski yenye Windows inayotumika ndiyo ya kwanza kuwashwa, kwa kuwa diski ya zamani nayo huweza kuwa na Windows yake.

Kama ipo kwenye BIOS lakini Windows haiionyeshi, huenda imekosa herufi tu. Mtumiaji afungue sehemu ya kusimamia diski na kuipa herufi.

Windows ikiuliza kama diski ifomatiwe, jibu ni hapana. Kukubali swali hilo kumewapotezea wengi hesabu za miaka.

Mazabodi za sasa hazina nafasi ya IDE. Hata hivyo, adapta ya kugeuza IDE au SATA kuwa USB, yenye umeme wake yenyewe, hufanya kazi hiyo bila kufungua kasha, diski moja baada ya nyingine. Kompyuta ya zamani ikilazimu kutumika, na ina Windows XP, isiunganishwe na intaneti: mfumo huo uliacha kupata marekebisho ya usalama mwaka 2014.

Baada ya kusoma

Diski za zamani zisigeuzwe ghala la kudumu. Mafaili yanakiliwe kwenye diski mpya, kisha nakala ya pili iwekwe mahali pengine, mbali na ofisi. Fungua mafaili machache kuhakikisha yanasomeka kabla ya kuiweka kando diski ya awali.

Mwisho, diski isiuzwe wala kutupwa ikiwa na taarifa za watu. Kufomati kwa haraka hakufuti data, na nakala ya pasipoti ya mteja inaweza kurudishwa na yeyote. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, Rwanda tangu 2021 na Tanzania tangu 2022. Diski ifutwe kwa programu inayoandika juu ya data yote, au itobolewe kabisa.