Soma Tena Pale kwa Shemeji

Juma hili hatuandiki juu ya bei ya unga wala juu ya malipo ya masomo. Wengi wenu mmetuuliza: "Ninyi mnaokutana kila Alhamisi kule Katuba kwa likelemba, mbona siku hizi mnarudi nyumbani giza likiingia?" Bwana mmoja alimfuata mke wake hadi mlangoni kuona kama tumeanza kunywa. Hatunywi. Tunasoma. Na kwa kuwa jambo lenyewe limefika mbali kuliko tulivyofikiri, tumeona vema tuwaeleze vitabu na nyimbo zilizotufikisha hapo.

Hakuna aliyepanga. Mwaka jana, mwezi wa saba, wakati wa baridi na vumbi, mama mmoja wetu aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi alikuja na kitabu ndani ya kikapu, chini ya sombe. Jalada lilikuwa limepotea. Alikinunua mjini kwa mmoja wa wale vijana wanaotandaza vitabu vya zamani chini barabarani. Tukamwuliza kinasema nini. Akajibu: "Ni barua. Mama mjane anamwandikia rafiki yake." Pesa zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa, mwenye zamu amepokea zake, mvua haikuwapo. Tukamwambia asome kidogo.

Lakini tusikimbie. Kabla ya vitabu, sisi tulilelewa na nyimbo.

Baba zetu walikuwa na Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi pale Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akipiga "Masanga" kwa gitaa moja ambalo ungesema ni magitaa mawili. Aliimba kwa Kiswahili chetu cha Katanga, si kile cha vitabu. Wengine wetu tunakumbuka baba akirudi kazini, anavua viatu, anaweka sahani hiyo, na kwa dakika tatu hakuna mtoto anayepigwa. Hatukujua kwamba watu wa mbali sana walikuwa wakijaribu kujifunza vidole vyake. Kwetu ilikuwa tu muziki wa baba.

Halafu Franco. Mwaka 1985 alitoa "Mario", habari ya kijana mwenye diploma anayekaa kwa mama mwenye mali, anakula, anavaa, na bado anapiga kelele ndani ya nyumba ya watu. Hadi leo sokoni mama akionekana na kijana asiyefanya kazi, wenzake hawana haja ya kusema mengi, wanasema "Mario" na kicheko kinatosha. Miaka 2 baadaye akatoa ule wimbo mrefu wa kuonya juu ya SIDA. Wengi wetu tulikuwa wasichana. Ndani ya nyumba zetu ugonjwa huo ulikuwa hauna jina, watu walisema tu "amekonda" au "amerogwa". Siku redio ilipoutaja kwa sauti ya mtu ambaye baba alimheshimu, hakuna aliyethubutu kuizima. Franco mwenyewe alikufa 1989. Ni padri gani, ni muganga gani angeweza kuingia katika nyumba nyingi namna hiyo kwa siku moja?

Na Tshala Muana, huyu ni wetu, alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1958. Tuseme ukweli: mama zetu wengi hawakumpenda. Mutuashi ilikuwa ngoma ya kiuno, na kiuno, walisema, si cha kuonyesha wageni. Sisi tulicheza nyuma ya nyumba, kitenge kimefungwa chini, mmoja akichunga njia. Alipofariki Kinshasa tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka 2022, tulishangaa kuona mama zile zile, sasa ni mabibi, wakilia kama wamepoteza mtoto. Mmoja alituambia: "Nilimkataza binti yangu kucheza kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka kucheza na sikuruhusiwa." Maneno haya alingoja kuyasema miaka 40.

Vitabu vya picha, tutavipita haraka, isipokuwa kimoja. Kaka zetu walipigania Tintin. Ile ya Kongo, Hergé aliichora kuanzia 1930 bila kukanyaga nchi hii, na ukiisoma unaona. Watu wetu wanasema kama watoto wa miaka mitatu, na mwanamke wa Kongo ndani yake ni kama hayupo. Tulicheka, ndiyo, kwa kuwa mbwa alikuwa mzuri. Leo hatuwanunulii watoto wetu.

Kile tunachotaka kukitaja ni "Aya de Yopougon". Mwandishi wake, Marguerite Abouet, ni mama wa Kodivaa, na kitabu cha kwanza kilitoka 2005. Ni habari ya wasichana watatu wa mtaa mmoja wa Abidjan, miaka ya 1970 ikielekea mwisho: Aya anataka kuwa daktari, rafiki zake Bintou na Adjoua wanataka kucheza muziki usiku. Mmoja wetu alimkuta binti yake wa miaka 14 amejificha nacho. Aliona picha ya msichana na kijana gizani, akakinyakua, akasema kinaingia kwenye mbabula. Lakini yeye ni mtu wa haki, alitaka kwanza kujua anachoma nini. Akakaa juu ya kiti kidogo kando ya moto. Siku hiyo bukari iliungua.

Ndani ya kitabu Adjoua anapata mimba, na anasema baba ni mtoto wa tajiri. Mama mwenzetu alipofika hapo alimwita binti yake, akamwuliza: "Na wewe unaona alifanya vizuri?" Binti akajibu. Wakazungumza mpaka makala yakazimika, juu ya mambo ambayo mama huyo hakuyasikia kamwe kwa mama yake mzazi. Kitabu kilipona. Sasa kinazunguka katika avenyu nzima, na wasichana wanadhani sisi wazazi hatujui.

Turudi kwenye barua isiyo na jalada.

Kitabu kinaitwa "Une si longue lettre", cha Mariama Bâ wa Senegal. Kilitoka mwaka 1979, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Noma, nayo ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Yeye alikuwa mwalimu, mama wa watoto 9, aliyeachana na mumewe. Alikufa 1981. Kipo pia kwa Kiswahili, "Barua Ndefu Kama Hii", lakini nakala hiyo haijafika mikononi mwetu. Kwa hiyo tulifanya hivi: mama mwalimu anasoma sentensi kwa Kifaransa, halafu anaisema kwa Kiswahili chetu. Anayeshona anaendelea kushona, anayechambua maharagwe anachambua. Kurasa sita au saba kwa Alhamisi moja, si zaidi, maana kila ukurasa tunagombana.

Ramatoulaye ana watoto 12. Mume wake, Modou, baada ya miaka mingi ya ndoa, anaoa Binetou, msichana wa shule, rafiki wa binti yake mwenyewe, aliyekuwa akija nyumbani kujifunza masomo. Ramatoulaye anabaki katika ndoa. Rafiki yake Aïssatou, alipofanyiwa jambo la namna hiyo, alichukua watoto wake wanne wa kiume akaondoka, akasoma, akapata kazi ya kutafsiri lugha mbali nje ya nchi.

Hapo likelemba ikagawanyika vipande viwili. Wengine walisema Ramatoulaye ni mjinga, mwanamke mwenye mshahara wake anangoja nini? Wengine wakajibu: "Watoto 12, mpenzi. Utawapeleka wapi, kwa mama yako mwenye vyumba viwili?" Alhamisi mbili tulirudi nyumbani bila kuagana vizuri.

Kisha akasema mama mmoja ambaye hasemi sana. Wote tunajua yeye ni mke wa pili, ingawa hatujawahi kulitamka mbele yake. Alisema: "Mnazungumza juu ya wake wakubwa. Na huyu Binetou?" Tukanyamaza. "Someni vizuri. Mama yake alitaka nyumba. Mtoto akatolewa shuleni. Alikuwa karibu na mtihani. Nani alimwuliza?" Akainamisha kichwa akaendelea na maharagwe yake. Tulisoma tena kurasa zile, na kweli imeandikwa, sisi tuliipita kwa haraka kwa sababu tulikuwa na hasira. Tangu siku hiyo hatumwiti tena Binetou yale majina tuliyokuwa tukimwita. Na mama yule, tunamsalimia namna nyingine.

Sasa jambo lililotufanya tuandike. Mmoja wetu alifiwa na mume mwezi wa pili mwaka huu. Tulikaa naye katika kilio, tulibeba masufuria, mnajua mambo haya. Baada ya kilio familia ya marehemu ikaanza kuzungumza. Mdogo wa marehemu, mwenye mke na watoto wake, alisema kwamba nyumba haiwezi kukaa bila mwanaume, na kwamba shemeji yake atakuwa chini yake, yeye na watoto na kiwanja. Kuna desturi za kumsafisha mjane ambazo hatutazieleza hapa, mnazifahamu. Mama mwenzetu hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa anakuja Alhamisi, anatoa pesa zake, anakaa kando ya mlango.

Siku ile hatukuchagua ukurasa. Ndipo tulipofikia tu. Siku ya 40 baada ya kifo cha Modou, kaka yake Tamsir anaingia na wanaume wengine wawili, anakaa, anamtangazia Ramatoulaye kwamba eda ikiisha atamwoa. Hamwulizi, anamtangazia. Na mwanamke huyu ambaye tulimwita mjinga kwa majuma mengi, aliyenyamaza miaka yote, anafungua kinywa. Anamwambia yeye si kitu cha kupitishwa mkono kwa mkono. Anamkumbusha wake alio nao na jinsi anavyowatunza vibaya. Tamsir anaondoka na aibu yake.

Mwalimu alipofika mwisho wa sura alifunga kitabu. Sauti ikatoka mlangoni: "Soma tena pale kwa shemeji."

Akasoma tena. Mara ya tatu yule mama akaomba isomwe kwa Kiswahili peke yake, polepole. Hakulia. Midomo yake ilikuwa ikitembea.

Tunajua kuna watakaosema hadithi ya Waislamu wa Dakar inatuhusu nini sisi wa Katanga. Sisi pia tulikuwa na mashaka. Tuseme pia kwamba kitabu si sheria, na sheria ipo: Kanuni ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka kila mmoja wa wanaooana akubali yeye mwenyewe, na inaweka watoto wa marehemu, wa kike sawasawa na wa kiume, mbele ya ndugu zake katika urithi. Tulikuwa tumekwisha kumwambia mama yule mambo haya, zaidi ya mara moja. Alitikisa kichwa tu. Sheria ilimwambia anaweza kukataa. Haikumpa maneno ya kusema mbele ya wazee sita wa familia, wakiwa wameketi juu ya viti vyake mwenyewe.

Mkutano wa familia ulifanyika Jumapili moja baada ya misa. Wawili wetu tulikwenda, tukakaa nje na watoto, kwa kuwa hatukualikwa ndani. Tulisikia sauti yake. Haikuwa kubwa. Hakumtaja Ramatoulaye, bila shaka. Alisema yeye si meza ya kurithiwa, kwamba anamheshimu shemeji kama ndugu na atabaki kumheshimu kama ndugu, na kwamba mke wa shemeji ni rafiki yake. Hili la mwisho halimo katika kitabu, alilitoa kwake. Ndani pakawa kimya kirefu. Kisha mzee mmoja akakohoa akasema watu wapewe maji.

Tusiwadanganye kwamba yote yamekwisha. Shemeji alirudi jioni ya Jumanne akachukua frigo na pikipiki, akisema ni vya kaka yake. Wifi mmoja hamsalimii tena. Karatasi za kiwanja bado ziko kwa mjomba, na tunafuatilia kwenye ofisi ya komini, nenda leo, rudi kesho. Lakini mama yumo nyumbani mwake na watoto wake wanne, na anauza samaki kama zamani.

Wamama wa avenyu nyingine wametuomba kile kitabu, na tumewaahidi. Shida ni kwamba kiko kwake. Yeye hasomi Kifaransa, lakini binti yake wa miaka 15 anamsomea jioni, mlango ukiwa wazi, na jirani wawili watatu wanakuja na viti vyao. Juzi tulimtuma mtu kukichukua. Alimjibu kwamba hawajamaliza. Tukamwambia: mama, wewe kitabu hicho ulikisikia chote hapa kwetu. Akasema ndiyo, lakini hawa hawajafika bado pale kwa shemeji.