Dhamana ya Dhihaka: Biashara ya Picha za Wafalme Walioanguka

Ipole, mahali ambapo njia itokayo Tabora na Sikonge hugawanyika, mkono mmoja ukienda Mpanda na wa pili ukienda Rungwa, nta ya nyuki hujulikana kwa mizani yake na kwa harufu yake. Lakini ni wachache wajuao kuwa nta, ikiyeyushwa pamoja na shahamu, sabuni na masizi, ndiyo iliyofanywa kalamu ambayo wachoraji wa Paris wa karne ya 19 waliishika ili kuwafanyia dhihaka wafalme wao. Biashara iliyojengwa juu ya kalamu hiyo yafaa itazamwe na kila awekaye rasilimali katika kazi ya wino na karatasi, kwa kuwa ilistawi, ikateswa, kisha ikafurika, yote hayo katika umri wa mtu mmoja.

Ufundi wenyewe, wa kuchapa picha kwa jiwe, uligunduliwa na Alois Senefelder huko Bavaria katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Msingi wake ni uadui wa mafuta na maji: mchoraji huchora kwa kalamu ya nta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, jiwe hulowanishwa, kisha hupakwa wino wa mafuta, nao hushika pale tu palipochorwa. Mchonga shaba alikaa majuma mengi juu ya picha moja. Mchora jiwe aliweza kuimaliza yake kwa siku chache, na jiwe moja likatoa nakala kwa maelfu. Gharama ya uzalishaji ikashuka, na picha ikawa bidhaa ya haraka kama habari.

Mfanyabiashara mashuhuri wa bidhaa hiyo alikuwa Charles Philipon, ambaye pamoja na shemeji yake Gabriel Aubert alifungua duka la picha mjini Paris, akaanzisha jarida la La Caricature mwaka 1830 na gazeti la Le Charivari mwaka 1832. Mfalme Louis-Philippe akachorwa kwa umbo la peasi, tunda ambalo katika maneno ya mitaani ya Paris lilikuwa pia jina la mpumbavu. Philipon alifungwa kwa ajili ya picha za kumdhihaki mfalme huyo. Na Honoré Daumier, aliyemchora mfalme kama jitu Gargantua likimeza mali ya maskini, alihukumiwa kifungo cha miezi 6 na faini ya faranga 500. Basi faini ikaingia katika hesabu za duka kama zilivyoingia karatasi na wino, hata Philipon akaunda mwaka 1832 shirika la wanachama waliopokea picha kila mwezi, na ada zao zikalipia faini: kwa maneno ya leo, bima ya dhihaka. Serikali ilijibu kwa sheria ya Septemba 1835, iliyotaka kila picha ipate idhini kabla ya kuuzwa, na magazeti ya kila siku ya Paris yaweke dhamana ya faranga 100,000. La Caricature likafungwa mwaka uo huo.

Tazama sasa soko lilivyokuwa mfalme alipoanguka. Charles X, aliyepinduliwa mwaka 1830, alichorwa kama twiga, mnyama ambaye watu wa Paris walikuwa wamemwona mwaka 1827, alipopelekwa kwa hidaya ya Muhammad Ali wa Misri. Louis-Philippe naye aliangushwa Februari 1848, akakimbilia Uingereza. Napoleon III alipotekwa Sedan, na jamhuri ikatangazwa tarehe 4 Septemba 1870, picha zilimiminika mitaani kama mvua ya masika. Paul Hadol peke yake akatoa mfululizo wa wanyama wa kifalme, kaizari akiwa tai mla mizoga na malkia Eugénie akiwa korongo. Idhini haikuwa na wa kuidai, gereza halikumngoja mtu, na kila mwenye jiwe akawa mfanyabiashara. Na soko ambalo kila mtu huweza kuliingia bila ya hatari halina faida ya kudumu.

Wachukuzi wa njia hii yetu walilijua jambo hilo kwa ushanga. Tajiri aliyetoka pwani na mizigo ya ushanga uliopendwa mwaka jana alifika Unyanyembe akakuta hautakiwi tena, na ujira wa wapagazi umekwisha kulipwa. Picha ya kumdhihaki aliyekwisha kuanguka ni ushanga wa namna hiyo: thamani yake hufa pamoja na hasira iliyoizaa.

Nchi hii nayo imeona enzi zikianguka. Mtemi Isike wa Unyanyembe alilipua baruti ndani ya boma lake Januari 1893 ili asitiwe mikononi na Wajerumani. Na mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa katika Tanganyika. Lakini dhihaka juu ya aliyeanguka ina taratibu zake huku, nazo ni utani. Mnyamwezi na Mzaramo, ambao utani wao ulikuzwa na safari za misafara, huweza kumcheka hata maiti mbele ya wafiwa, na kupewa kitu kwa kazi hiyo. Lakini mtani huyo huyo hushika jembe achimbe kaburi, na anajua kuwa siku yake ikifika atachekwa vilevile. Jasho lake na zamu yake ndiyo dhamana yake.

Kwa hiyo atakaye kuweka fedha katika vibonzo vya leo asiulize ni mkubwa gani ameanguka jana, bali aulize ni dhamana gani mchoraji wake yu tayari kuiweka, na kama yeye mwenye fedha amemtengea mchoraji huyo fungu la siku ya mashaka, kama Philipon alivyofanya. Mrina asali wa Ipole huupanda mti nyuki wangali mzingani, akaukubali mwiba wao. Mzinga uliohamwa hauna wa kuulinda, wala hauna asali.